Kuongezea Hilux ya zamani breki za mbele: fanya hivi kabla hujashuka na mzigo

Hii ni ya wale wako na pikap ya zamani na bado wanaipigisha kazi kila siku. Naongelea sana Hilux LN106, ile ya ekseli nzima mbele na springi za majani, juu ndiyo nazijua na bado zimejaa huku kwetu kutoka Nakuru mpaka Busia, lakini kama yako ni Isuzu TFR ama Nissan Hardbody mawazo ni yaleyale, spea tu ndio tofauti.

Anza na kuelewa breki inafanya nini. Breki inageuza mwendo kuwa joto, basi, hakuna kazi ingine iko nayo. Ukitoka Kericho ushuke mpaka Kisumu umeteremka zaidi ya mita 800, na kama gari na mzigo ni tani mbili na nusu, huo mteremko ukiishia wote kwa breki ni joto la kuchemsha jerikeni mbili za maji za lita 20 na ibaki ingine. Ndio maana kuna gari inashika breki vizuri sana hapo mjini Nakuru alafu ikifika Sachangwan na mzigo pedali inaanza kuzama. Sio eti breki imeharibika ghafla, imejaa joto na haina pa kulipeleka.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa jiulize shida yako ni gani. Tafuta mahali wazi pasipo watu, gari tupu, breki baridi, mwendo wa 30 hivi, alafu kanyaga kwa nguvu. Tairi za mbele zikiloki, basi nguvu ya kufinya unayo tayari, kile hauna ni uwezo wa kubeba joto, na hiyo inaletwa na diski nene yenye matundu ya hewa katikati, padi nzuri na fluidi mpya. Kama hata baridi haziloki, na mguu umeuweka wote, hapo kuna ugonjwa ama kalipa, ile chuma inayofinya padi kwa diski, ni ndogo kwa tairi uliyoweka. Tairi ndefu inapinga breki zaidi, ukitoa zile za kiwandani ukaweka za matope kubwa jua umepunguza breki siku hiyohiyo, hata kama haujagusa boliti.

Pima ugonjwa kwanza

Hii sehemu watu wanairuka na ndiyo inaokoa pesa.

Busta, ile inaongezea mguu wako nguvu ya kufinya. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uache mguu hapo ukiwa umefinya, alafu washa. Pedali inafaa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haivuti. Kwa hizi dizeli za Toyota, 2L na 3L, vakyumu haitoki kwa injini yenyewe kama ya petroli, inatoka kwa pampu ndogo imefungwa nyuma ya oltaneta, na kuna hosi inatoka hapo inaenda kwa busta. Hiyo hosi ikipasuka ama pampu ikichoka unapata pedali ngumu kama umekanyaga jiwe, na utaweka kalipa za bei yote na bado utakuwa unapigana na pedali. Angalia hiyo hosi kila mahali imepinda.

Breki za nyuma. Vuta hendibreki kidogo, alafu kanyaga pedali. Kama pedali imepanda juu kuliko ilivyokuwa, shuu za nyuma ziko mbali na drumu, zinahitaji kuajastiwa. Pedali ya chini inasingiziwa mbele kila siku na kumbe ni nyuma. Ukiwa hapo angalia vile vikono vya hendibreki nyuma ya sahani ya drumu, vinashika kutu na matope vinakwama, na vikikwama hata ajasta haifanyi kazi yake. Paka penetreti, chezesha mpaka virudi vyenyewe.

Hosi za mpira za mbele. Ya zamani inaweza kuonekana safi kwa nje na ndani imevimba, fluidi inaenda lakini hairudi, kwa hivyo gwilo moja linabaki limeshikwa na rimu inachemka upande mmoja. Gari ikivuta upande ukikanyaga breki, hapo ni pa kwanza kushuku. Zangu mimi nabadilisha tu nikifanya hii kazi, sifikirii mara mbili.

Kalipa zenyewe. Za LN106 ziko na pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na kalipa haisongi, inakaa imara, pistoni ndio zinatoka pande zote. Toa padi, weka ubao mwembamba mahali pa padi ili pistoni isiruke nje, mtu akanyage polepole sana wewe ukiangalia. Utaona mara nyingi tatu zinatembea na moja imekaa tu. Vuta ile raba ya vumbi kidogo uangalie pembeni ya pistoni: kukiwa na vidoti vya kutu vya rangi ya kahawia vimekula kromu, hiyo ndiyo inakwama, na ukiisafisha na msasa itaanza kuvuja juu sili inapita hapo hapo kwa vishimo.

Ile valvu ya nyuma, tafadhali

Naomba usome hapa hata kama utaruka kwingine kote.

Ingia chini ya gari upande wa nyuma. Juu ya ekseli utaona valvu imefungwa kwa chasi na ina fimbo ya chuma imeenda mpaka kwa ekseli. Inaitwa LSPV. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, chasi inashuka inakaribia ekseli, fimbo inasukuma valvu na breki za nyuma zinaongezewa presha. Gari ikiwa tupu chasi iko juu, valvu inapunguza presha ya nyuma ili tairi za nyuma zisiloki ukaanza kuzunguka barabarani.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunanunua pikap, tunaona imelala nyuma tukipakia, tunaenda kwa fundi wa springi anaongeza majani mawili matatu, gari inasimama juu na inapendeza. Hiyo chasi haishuki tena hata ukiweka magunia ya viazi ya Molo mpaka juu. Fimbo haisukumi kitu. Valvu inaona gari tupu mwaka mzima, breki za nyuma zinapewa presha ya gari tupu, na tani nzima ya mzigo inasimamishwa na mbele peke yake. Alafu tunashangaa mbele zinatoa moshi na padi zinaisha kabla ya msimu kuisha. Kuna pikap nyingi sana zinasemekana zinataka breki kubwa za mbele na kile zilikuwa zinahitaji ni kuinua mkono wa hiyo valvu.

Kurekebisha sio ngumu. Kama springi zimeinua chasi inchi mbili, ile bano inayoshika fimbo kwa ekseli inafaa iinuliwe inchi hizo mbili, ama fimbo iajastiwe kama yako iko na nati ya kuajasti. Hiyo ni ya kuanzia tu. Karakana iliyo na geji za presha inaweza kupima mbele na nyuma ikakupangia sawasawa, na kama uko karibu na moja lipa hiyo kazi. Baada ya hapo jaribu mahali wazi, tupu kwanza, alafu na mzigo: mbele lazima iloki kabla ya nyuma, kila mara. Nyuma ikiwahi, punguza.

Na usikubali fundi akakuambia hiyo valvu itolewe ipitishwe paipu moja kwa moja. Kwa mzigo utaipenda, lakini siku moja uko tupu, mvua imenyesha, uko kwa muramu ama ile lami ya kuteremka kutoka Kiboswa kuja Mamboleo, ukanyage ghafla, nyuma inaloki na gari inageuka inaangalia ulikotoka.

Ukimaliza hizo zote na bado mbele haitoshi, sasa tununue.

Kununua

Angalia mwili wa kalipa yako, kuna herufi zimechongwa kwa chuma. Nyingi za gari ya silinda nne zimeandikwa S12+8. Kile watu wa Hilux wamefanya miaka mingi ni kuweka zile za gari ya V6, zimeandikwa S12W, ziko na pistoni kubwa zaidi na zinafunga kwa boliti zilezile mbili, unaziambatanisha na diski nene ya matundu. Kwa maduka ya spea za eksjapani ama kule Kirinyaga Road Nairobi uliza kwa hiyo herufi, usiulize "kalipa ya Hilux" pekee juu utapewa yoyote.

Diski na kalipa ni mke na mume, zinunue zikijuana. Ukiweka kalipa pana kwa diski nyembamba, padi zikiendelea kuisha pistoni inatoka nje zaidi na zaidi, na mwisho inavuka sili na fluidi yote inamwagika mara moja ukiwa barabarani. Toa habu yako kwanza, ile kitovu gwilo linafungwa (hatua ziko hapo chini kwa Kufungua), nenda dukani na diski ya zamani mkononi na venia. Pima unene, upana wa diski nzima, matundu ya boliti, na kina, yaani kutoka mahali inakaa kwa habu mpaka uso wa padi. Weka mbili kwa meza kando kwa kando. Maneno ya "hiyo inaingia boss" yaache dukani. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa kwa diski yenyewe, kama ni ya kutumika na iko karibu na hiyo namba iache, na usidanganywe kuiskimu, kuskimu kunatoa chuma na wewe unatafuta chuma ya kubeba joto.

Kalipa zikiwa za kutumika chukua na ripea kiti, ile pakiti ya sili na raba, zifunguliwe pistoni, zisafishwe, sili mpya zote. Lakini yale mafungo yanayoshikanisha nusu mbili za kalipa usiyaguse kabisa, pistoni zinatoka bila kuipasua. Safisha na spiriti ama na fluidi ya breki yenyewe. Petroli na dizeli zinavimbisha mpira, sili mpya inaharibika kabla hata haijafanya kazi.

Padi ni mahali usibanane na pesa. Feki ziko kila mahali, nyingine inabanduka kutoka kwa bati ikichemka. Angalia mstari kati ya padi na bati, ukiona mwanya ama gundi imemwagika iache.

Hosi mbili za mbele, mpya. Kuna mafundi wa hosi za haidroliki wanaweza kukutengenezea ya trekta ukingoja, kwa breki usifanye hivyo, chukua hosi ya breki. Na kama paipu za chuma zimeoza zibadilishe na paipu ya breki, shaba tupu inaonekana rahisi kupinda lakini mtetemo wa barabara zetu unaichosha inapasuka kwa nati.

Fluidi: DOT 4, lita mbili, chupa ambazo hazijafunguliwa. DOT 3 mpya inaanza kuchemka si chini ya 205°C na DOT 4 si chini ya 230°C, lakini fluidi inanyonya maji kutoka kwa hewa, na ikishanyonya kiwango kinashuka mpaka 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Kwa unyevu wa Kisumu usitumie ile chupa ilibaki nusu kwa rafu tangu mwaka jana. Fluidi ikichemka inageuka mvuke, mvuke unafinyika, pedali inaenda mpaka kwa sakafu. Hiyo ndiyo ile hadithi ya "breki zilikatika".

Pamoja na hizo chukua sili ya nyuma ya habu kila upande, gasketi, ile washa ya kukunja ya nati za beringi, na grisi nzuri ya beringi. Vifaa: jeki na stendi mbili za ukweli, soketi ya 54 kwa nati za beringi, soketi za kawaida 10 hadi 17, spana ya kushika nati za paipu ile inazunguka pande zote za nati, koleo la saklipi, spana ya toki ile inapima nguvu ya kukaza, chupa na paipu ya plastiki inayoona ndani, na mizani ya ndoano, ile ya kupima samaki, utaona kazi yake.

Jambo la mwisho kabla hujaanza kazi yenyewe, jaribu kalipa mpya ndani ya rimu yako. Rimu za inchi 15 za bati nyingi hazina shida, lakini zingine za aloi zinagusa. Unataka nafasi ya milimita tatu hivi kila mahali.

Kufungua

Sakafu ngumu, weka mawe ama vizuizi kwa tairi za nyuma, legeza nati za gwilo kabla ya kuinua, inua, weka stendi chini ya ekseli, sukuma gari na bega uone haichezi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika moja. Fanya upande mmoja ukamilike kabla ya kugusa wa pili, ukisahau kitu kinakaaje unaenda kuangalia ng'ambo.

Vumbi la breki usilipulize na kompresa, lingine bado liko na asbesto, na hata isiyo na asbesto haifai kwa kifua. Kitambaa chenye maji ama brekiklina.

Legeza ile paipu fupi ya chuma inayoingia kalipa, ziba mdomo na kofia ya plastiki ili fluidi isiishe kwa masta, ile pampu pedali inasukuma. Toa boliti mbili za kalipa, ziko nyuma, za 17, zinakuwa ngumu, tumia mkono mrefu. Kalipa ya zamani ikitoka iweke kando.

Sasa habu. Kama uko na friiwili, zile za kufunga na kufungua 4x4 kwa habu, toa boliti za kofia, utaona saklipi ama boliti kwa ncha ya shafti, itoe, alafu nati za mwili wa friiwili. Chini ya hizo nati kuna koni washa, vipande vidogo vimepasuka kwa upande mmoja, vimejibana kwa stadi na havitoki kwa kuvuta. Piga kwa nyundo ya shaba pembeni ya mwili, vinaruka vyenyewe. Viokote vyote. Ndani utakuta nati ya kwanza ya 54, washa iliyokunjwa, nati ya pili, na washa ya bapa. Nyoosha mkunjo na bisibisi, toa, vuta habu kwako ukishika beringi ya nje na kidole gumba isianguke kwa mchanga.

Hapo habu ikiwa nje angalia ile tufe kubwa ya stiarini nyuma. Ukiona imechuruzika uchafu mwepesi mweusi badala ya grisi nzito, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu imeingia na kuyeyusha grisi. Usifunge breki mpya juu ya hiyo, itafika kwa diski. Na padi ikishakunywa oili ni ya kutupwa. Ile ya kuichoma na petroli ili "itoe mafuta" inachoma gundi pia.

Diski imefungwa nyuma ya habu na boliti zake. Zifungue kwa mpangilio wa kuvuka, safisha uso wa habu na brashi ya waya mpaka uone chuma, kipande kidogo cha kutu hapo kinafanya diski iyumbe na utahisi pedali inatetemeka. Funga diski mpya kwa kuvuka, toki ya kitabu cha gari yako. Osha ile oili ya kiwandani kwa diski na spiriti. Bati la vumbi likigusa diski mpya kata kidogo kidogo, usilitoe lote, linazuia matope.

Kurudisha

Beringi zioshe, zikaushe, ziangalie kwa mwanga. Rola ikiwa na vidoti ama rangi ya bluu badilisha na kikombe chake. Grisi iingie ndani kwa kusukuma ukingo wa beringi kwa grisi iliyo kwenye kiganja mpaka itokee upande wa pili, kupaka kwa juu haisaidii. Sili mpya nyuma ya habu, rudisha habu, washa, nati ya ndani.

Toki ya beringi ndiyo inaharibiwa sana. Kaza ya kwanza mpaka 59 Nm huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili rola zikae, alafu legeza mpaka iweze kuzungushwa kwa mkono, kaza tena polepole. Sasa ile mizani ya samaki: ndoano kwa stadi moja ya gwilo, vuta kwa kando, soma pale habu inapoanza kuzunguka. Unatafuta kati ya kilo 2.8 na 5.6. Chini ya hapo gwilo litacheza, juu ya hapo beringi itachemka. Padi ziwe bado hazijawekwa wakati wa kupima, la sivyo unapima breki. Weka washa mpya, nati ya nje, kaza, pima tena juu ya kukaza nati ya nje kunasukuma ya ndani, alafu kunja washa, upande mmoja ndani na mwingine nje.

Kalipa: hakikisha ya kushoto iko kushoto. Zinaingia pande zote mbili bila shida yoyote, na hapo ndipo hatari iko. Nipo, ile skrubu ndogo ya kutoa hewa, lazima iwe juu. Ikiwa chini hewa inabaki imekaa juu ya pistoni na utatoa hewa mpaka jioni pedali ikiwa sponji. Boliti zake mbili ni 123 Nm. Padi, pini, ile springi ya kuzuia kelele, klipu. Grisi ya breki ya joto kali nyuma ya bati la padi, kidogo sana. Hosi mpya usiisokote, ukifunga geuza stiarini kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uangalie haigusi tairi wala haivutwi. Angalia pia gari ikining'inia.

Kutoa hewa

Jaza masta, na isiwahi kuisha katikati ya kazi, ikiisha unaanza upya. Kwa gari yetu ya stiarini ya kulia masta iko kulia mbele, kwa hivyo anza mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na mwisho ile LSPV iko na nipo yake, wengi hawajui na hewa inabaki humo. Paipu ya plastiki kwa nipo, mdomo wa pili uzame ndani ya fluidi kwa chupa. Mwenzako akanyage polepole na ashikilie, wewe ufungue, ufunge kabla hajaachilia. Muelewane maneno mawili tu, "shika" na "achilia", na asiachilie bila kuambiwa.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. Masta ya zamani iko na kutu kule mbele ambako sili haijawahi kufika, ukikanyaga mpaka sakafu sili inapita juu ya hiyo kutu na inakatika, alafu kesho yake masta inaanza kupitisha fluidi ndani kwa ndani. Endelea mpaka fluidi itoke safi, rangi ya fluidi mpya, bila kipovu. Ikimwagikia rangi ya gari osha na maji mengi saa hiyohiyo.

Pistoni kubwa zinakunywa fluidi zaidi kwa kila kanyago kwa hivyo pedali itashuka kidogo kuliko zamani, hiyo ni kawaida. Ikishuka sana na nyuma umeajasti na hewa imeisha, wengine wanaweka masta ya inchi moja ya V6. Inarudisha pedali juu lakini inataka mguu mzito zaidi, na lazima upime nafasi ya fimbo ya busta kabla ya kuifunga, ikiwa ndefu sana breki zinajishika zenyewe ukiendesha. Ushauri wangu ni uendeshe wiki kadhaa na masta yako kwanza. Wengi hawarudi kuibadilisha.

Barabarani

Kabla ya kuondoka, injini ikiwa imewashwa, finya pedali kwa nguvu ushikilie dakika nzima. Ikizama polepole kuna kuvuja ama masta inapitisha, usitoke nayo. Ikikaa, zunguka polepole mahali salama, simama mara chache.

Alafu padi na diski zizoeane. Tafuta barabara tambarare asubuhi kabla magari hayajajaa, kule Ahero kuna unyoofu mzuri, kimbia 60, punguza mpaka 10 kwa mguu wa wastani, usisimame kabisa, songa tena mpaka 60 upate hewa, rudia mara nane hadi kumi. Ukisikia harufu kidogo ni sawa. Mwisho endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki zipoe. Usisimame na kushikilia pedali zikiwa moto, padi inaacha alama yake mahali pamoja kwa diski na utaanza kuhisi mtetemo.

Mteremko wa kwanza na mzigo uwe mfupi. Gia uliyotumia kupanda ndiyo ya kushukia, breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, unapunguza mwendo, unaachilia zipoe, sio kuziburuta njia yote. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli, vile malori yalikuwa yanafanya pale Salgaa, hakuna kalipa imetengenezwa ya kuhimili hiyo. Ukifika chini, simama pembeni, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Kushoto na kulia zinafaa kuwa na joto sawa. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, pistoni ama hosi ya upande huo inashika. Nyuma zikiwa baridi kabisa na ulikuwa na mzigo, rudi kwa LSPV.

Baada ya kilomita 500 hivi inua mbele tena. Shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza beringi imekaa na inahitaji kukazwa, pima tena na mizani. Pitia boliti za kalipa na spana ya toki, angalia kila nati ya paipu kwa kitambaa kikavu, na uangalie kiwango cha fluidi. Gari ya biashara itaenda inspeksheni ya NTSA na kule breki zinawekwa kwa rola, kila gwilo na lake, kwa hivyo omba usome hizo namba za kushoto na kulia uziandike mahali, zitakusaidia mwaka ujao kujua ni gwilo gani limeanza kuchoka.